Kiboko Aliyeingia Kichwani

"Nikupasulie, au unabeba kizima?"

Swali hilo lilinikuta nimeinamia gogo la mchinjaji, Jumamosi moja asubuhi mjini Mpanda, kwenye kibanda cha supu kilicho hatua chache kutoka sokoni. Vichwa vinne vya mbuzi, vimekwisha babuliwa na kukwanguliwa, vilikuwa vimelala ubavu, meno nje kana kwamba vinacheka. Nikamwambia anipasulie, ila taratibu, maana ubongo niliutaka utoke mzima.

"Wa dawa?"

"Wa kutazama."

Akanitazama mimi kwanza. Kisha akakikalisha kichwa sawasawa, akaweka makali ya shoka katikati ya pembe na kuligonga shoka kwa kipande cha mti. Mara ya tatu fuvu likaachia kwa mlio mkavu, kama kibuyu.

Ubongo wa mbuzi unaenea kiganjani. Uzito wake ni gramu mia na ushei, na rangi yake si ile ya kijivu tuliyosomeshwa shuleni. Ni ya maziwa yaliyodondokewa na damu. Mbele kuna vinundu viwili laini vinavyopokea harufu kutoka puani. Nyuma kuna kinundu kingine chenye mistari iliyobanana kama ukindu uliosukwa. Chini yake linatoka shina, nene kama kidole gumba, linaloendelea na kuwa uti wa mgongo. Mchinjaji akakigusa kile kinundu cha nyuma kwa ncha ya kisu.

"Hiki ndicho kitamu."

"Mnakiitaje?"

"Ubongo. Wote ubongo, mwalimu."

Jibu hilo limenikaa. Kiswahili hakikubali kirahisi kumweka mtu na mnyama kwenye neno moja. Mtu akifa ni maiti, mbuzi akifa ni mzoga. Mwanamke ni mjamzito, ng'ombe ana mimba. Mtu ana mikono miwili na miguu miwili; mbuzi, ambaye mifupa yake ya mbele imepangana kama ya mkono wangu, tumempa miguu minne bila kumuuliza. Lakini tukishavuka fuvu tunaacha ubaguzi: wa mtu ubongo, wa mbuzi ubongo, wa panya ubongo. Tena neno hilo tukalikuza likawa Bongo, jina la utani la Dar es Salaam lililokuja kuenea nchi nzima, kwa kuwa huko huponi bila kuchemsha kichwa.

Wataalamu hawakuwa na wepesi huo. Mwaka 1895 wanaanatomia walikubaliana mjini Basel, Uswisi, orodha moja ya majina ya Kilatini kwa mwili wa binadamu. Madaktari wa mifugo walichapisha ya kwao mwaka 1968. Matokeo yake ni kwamba kipande kilekile cha nyama kinaweza kuwa na jina moja kikiwa mezani kwa daktari wa watu na jingine kikiwa mezani kwa daktari wa ng'ombe. Nyuma ya orodha hizo mbili kuna karne nyingi za kukopeshana majina, kuyapokonya, kuyakosea, na katikati yake kuna kiboko mmoja.

Tuanze na ngozi. Ubongo ule ulitoka umevaa ngozi mbili. Ya nje ni ngumu, mchinjaji aliivuta kwa kucha kama anayechuna mfuko wa nailoni uliogandamana. Ya ndani ni nyembamba mno, imeshikamana na kila kunjo, na ukijaribu kuivua unavua na ubongo. Matabibu waliokuwa wakiandika kwa Kiarabu waliziita ngozi hizi kwa neno umm, mama, lilelile lililomo katika jina la Ummukulthumu: mmoja mama mgumu, mwingine mama mwembamba. Ziko katika kitabu cha tabibu wa Kiajemi Ali ibn al-Abbas al-Majusi, ambacho Stephen wa Antiokia alikifasiri kwa Kilatini mwaka 1127. Mfasiri alipofika kwa mama wa pili, wembamba ukamponyoka, akaandika neno la Kilatini lenye maana ya mchaji. Mpaka leo daktari anayesoma picha ya kichwa cha mgonjwa wa ajali ya bodaboda anamtaja mama mchaji, na wala hawazi kwamba pale ametajwa mtu yeyote.

Kosa hilo halikumdhuru mtu. Jingine, la kabla yake, lilidumu zaidi ya miaka elfu.

Galeni, tabibu wa Kiyunani aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, hakuruhusiwa kupasua maiti ya binadamu. Akapasua nguruwe, mbuzi, ng'ombe na nyani. Chini ya ubongo wa ng'ombe aliona mishipa myembamba ya damu imefumana, tabaka juu ya tabaka, kama nyavu za wavuvi zilizolazwa moja juu ya nyingine. Akafundisha kwamba hapo damu huchujwa na kuwa pumzi ya akili. Baadaye ukaitwa wavu wa ajabu. Na kwa kuwa aliamini kilichomo katika ng'ombe kimo katika mtu, akampa mtu wavu huo. Vizazi na vizazi vya matabibu, Wazungu na Waarabu, wakauchora chini ya ubongo wa binadamu.

Mwaka 1521 Berengario da Carpi, aliyekuwa akifundisha Bologna, akaandika kwamba ameutafuta mara nyingi wala hajauona. Mwaka 1543 Andreas Vesalius akasema waziwazi kuwa mtu hana kitu hicho. Kilichonifurahisha zaidi ni kukiri kwake: zamani, alipokuwa akifundisha mbele ya maiti, alikuwa akiweka karibu kichwa cha kondoo au ng'ombe, ili wanafunzi waonyeshwe ule wavu ambao maiti ilikataa kuutoa. Profesa mzima amesimama na kichwa cha kondoo mezani ili mtu afanane na kitabu.

Hata hivyo Galeni hakuota. Wavu upo, na mbuzi wa Mpanda anao. Kazi yake haihusiani na akili, ni jokofu. Damu ya moto inayopanda ubongoni hupita kwenye mishipa hiyo midogo huku imezungukwa na damu iliyotoka kupoa puani, na ikifika ubongoni imeshapungua joto. Ukiwa Hifadhi ya Katavi mwezi Oktoba, saa saba mchana, kwenye mbuga ya Chada iliyokauka hadi kupasuka, ukamwona nyamera amesimama juani kama mlinzi aliyesahauliwa, ujue kichwani mwake kuna mtambo ambao wewe huna. Nyati anao, palahala anao, twiga anao. Pundamilia hana, yeye ni ndugu wa farasi, na kwa hili yuko upande wetu.

Nilimweleza mchinjaji habari ya wavu. Hakushangaa kama nilivyotegemea. Alichosema ni kwamba mbuzi akichinjwa anazima haraka, ng'ombe anakawia. Kwa kweli sababu ni hiyohiyo. Damu ya ubongo wa mbuzi hupita karibu yote kwenye wavu ikitokea mishipa ya mbele ya shingo, na kisu kinaikata yote kwa mara moja. Kwa ng'ombe kuna mishipa mingine inayopanda ndani ya mifupa ya shingo, kisu hakiifikii, nayo inaungana na wavu na kuendelea kuulisha ubongo kwa muda. Yeye alilijua hilo kwa mikono yake; mimi nilikuwa nimelisoma.

Sasa kiboko. Tuliendelea kupekua. Ukitenganisha nusu mbili za ubongo wa mbuzi na kufunua kutoka juu, ndani kuna uwazi wenye maji, na sakafuni mwake kumelala tuta jeupe lililopinda, laini, linaloteremka kuelekea chini kwa pembeni. Nikamuuliza mchinjaji linafanana na nini.

"Funza mnene."

Mwaka 1587 kilitoka kitabu cha Giulio Cesare Aranzi, mwanaanatomia wa Bologna, ambamo tuta hilo lilipewa jina kwa mara ya kwanza. Alisitasita kati ya vitu viwili: yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa cha farasi, na kiwavi mweupe wa hariri. Farasi wa baharini akashinda, na jina likawa hipokampasi. Aranzi angekuwa amekaa nasi pale kwenye gogo, huenda funza angeshinda.

Leo tunajua hipokampasi ndipo kumbukumbu mpya zinapopikwa, pamoja na ramani ya mahali: kisima kiko wapi, njia ya kurudi nyumbani ni ipi. Wakati huo hakuna aliyejua. Wengine waliona pembe la kondoo dume wakaliita Pembe la Amoni, kwa jina la mungu wa Misri ya kale aliyechorwa na pembe hizo. Kisha mwaka 1779 Mjerumani Johann Christoph Andreas Mayer, akiandika habari za tuta hilo, akateleza. Kwa Kiyunani farasi ni hippos. Farasi wa baharini ni hipokampasi. Farasi wa mtoni ni hipopotamasi. Mayer akaandika la pili. Akamtia kiboko ndani ya kichwa cha binadamu.

Unaweza kudhani wenzake walicheka na kumsahihisha. Hapana; kuna waliomnakili. Kosa lilizunguka vitabuni kwa nusu karne, hadi Karl Friedrich Burdach alipolimaliza mwaka 1829.

Habari hii nilikuwa nimeisoma zamani, lakini nilicheka kwa sauti niliposimama kwenye daraja la Sitalike, kilomita kama 35 kusini mwa Mpanda, nikiwatazama wenyewe chini kwenye Mto Katuma. Kiangazi kinapokomaa na maji kupungua, viboko wa Katavi hulundikana matopeni kwa mamia, hasa kule Ikuu, mgongo kwa mgongo kama mawe yanayopumua. Kila mmoja ana tani moja na nusu hivi, wengine zaidi. Ubongo wake unazidi nusu kilo kidogo tu. Na ndani ya ubongo huo, kulia na kushoto, kuna farasi wa baharini wawili. Wataalamu walimnyima kiboko jina lake la mtoni wakalitia kichwani mwetu, kumbe yeye amebeba la baharini muda wote. Sisi tulishaepuka balaa hilo kwa kuwa macho ya Waswahili hayakuona farasi pale; tuliona kiboko, na kwa jina hilohilo tunaita mjeledi wa ngozi yake na mtu yeyote aliyetushinda kwa ufundi.

Jina la hipokampasi lilikuja kuzua vita kamili. Mwaka 1857 Richard Owen, bingwa wa mifupa wa Uingereza, alitangaza kwamba ubongo wa mtu una vitu vitatu asivyo navyo mnyama yeyote, sokwe akiwemo. Kimojawapo kiliitwa hipokampasi ndogo. Ni kijituta kingine, nyuma kabisa, ambacho wengine walikiita kipi cha ndege, kama kile kipi cha mguu wa jogoo. Kwa kijituta hicho Owen alimtenga binadamu na kumpa tabaka lake peke yake. Thomas Huxley akambishia hadharani Oxford mwaka 1860, kisha wapasuaji wakaanza kufungua vichwa vya nyani mmoja baada ya mwingine, na kila kichwa kilichofunguliwa kilikuwa na kipi ndani. Huxley alikusanya ushahidi huo katika kitabu chake cha 1863. Mwaka huohuo mwandishi Charles Kingsley akaifanyia mzaha vita nzima katika hadithi ya watoto, akigeuza tena hipokampasi kuwa kiboko. Safari hii kwa kusudi.

Kwa maoni yangu Owen hakuwa kipofu. Alitaka neno limfanyie kazi ya ukuta. Ukishakiita kitu kwa jina la mtu peke yake, macho yanasita kukiona kwa mnyama, kama vile ulimi wetu unavyosita kusema maiti ya mbuzi.

Leo hakuna anayepigania kipi cha jogoo. Mgogoro uliobaki ni wa pande, na asili yake ni kwamba sisi tunasimama. Weka mbuzi mezani. Mbele ni pua, nyuma ni mkia, juu ni mgongo, chini ni tumbo, na ubongo wake umefuata mstari huo karibu sawasawa. Mtu amesimama wima, na uso wake umepinda kutazama mbele, hivyo ubongo na uti wa mgongo vinakutana kwa kona. Mbele kwake ni upande wa tumbo. Juu kwake ni utosi. Katikati ya ubongo kuna vilima vinne vidogo, viwili vya macho na viwili vya masikio. Kwa mtu, vile vya macho huitwa vilima vya juu. Kwa mbuzi haviko juu ya wenzake, viko mbele yao, kwa hiyo orodha ya mifugo inaviita vilima vya upande wa pua. Nyama ni ileile. Kilichobadilika ni mkao wa mwenye kichwa.

Jambo la kusimama lenyewe halijatulia. Katika Bonde la Issa, magharibi mwa nchi yetu, watafiti waliowafuatilia sokwe waliandika mwaka 2022 kwamba ingawa sokwe hao wanaishi kwenye miombo ya wazi, wanaposimama kwa miguu miwili mara nyingi huwa wako juu ya miti. Sokwe aliyesimama kwenye tawi akichuma tunda, kwa dakika hiyo vilima vyake tuviite vya juu au vya upande wa pua?

Kile kinundu kitamu nacho kina kisa. Kilatini kinakiita ubongo mdogo, na kwa mtu kimefunikwa na ubongo mkubwa, hukioni ukitazama kutoka juu. Kwa mbuzi kiko wazi, kisogoni. Jina hilo lilipofika kwa tembo likawa kichekesho. Ubongo wa tembo wa Afrika una kilo nne na nusu hadi tano, wakati wetu haufiki kilo moja na nusu. Mwaka 2014 Suzana Herculano-Houzel na wenzake walichapisha hesabu ya seli za neva za tembo mmoja: bilioni 257, mara tatu ya zetu, ambazo ni bilioni 86. Lakini karibu zote, asilimia 97.5, zilikuwa ndani ya ubongo mdogo. Kwa tembo wa Katavi, huo mdogo ndio umebeba karibu kila seli, na mmoja wa wahesabuji akadhani huenda ni kwa ajili ya ule mkonga.

Msomaji anaweza kuuliza haya yanamhusu nini mtu wa Inyonga au Karema, mkoani Katavi. Yanamhusu siku mbwa anapobadilika. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwenye ubongo. Mwaka 1903 Mtaliano Adelchi Negri aliona vidoa ndani ya seli za ubongo wa wanyama waliokuwa na ugonjwa huo, na kwa miaka mingi kipimo kilikuwa ni kupasua kichwa cha mbwa, kukata Pembe la Amoni na kuvitafuta kwa hadubini. Kwa ng'ombe hutafuti hapo. Vidoa huonekana zaidi kwenye ubongo mdogo. Siku hizi maabara hutumia kingamwili zinazong'aa, na zinataka kipande cha shina na cha ubongo mdogo. Mahali pasipo na vifaa kuna njia ya kupitisha mrija kwenye tundu la kisogoni bila kupasua fuvu: unasukumwa kuelekea jicho, unakwangua shina, ubongo mdogo na hipokampasi kwa mfululizo.

Mfikirie sasa afisa mifugo wa kata, mbwa amelala mbele yake, simu mkononi, upande wa pili mtu wa maabara. Akiambiwa chukua kipande cha nyuma, nyuma ya nani? Ya mbwa au ya picha ya binadamu aliyoichora kidato cha tatu? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na vitabu vya shule vina ubongo wa mbele, wa kati na wa nyuma, majina yanayomkaa mbuzi vizuri kuliko mtu. Mimi ningependa tuyafuate ya mbuzi: upande wa pua, upande wa mkia, upande wa mgongo, upande wa tumbo. Mtu hana mkia, utasema. Ana kifandugu, na kinatosha.

Jua lilikuwa limepanda na wanywaji supu walikuwa wamejaa benchi. Mchinjaji alikuwa amesikiliza yote huku akikata vitunguu. Akanyoosha kisu juu ya ubongo wangu uliofumuka.

"Na huyo kiboko alikuwa wapi?"

Nikamwonyesha lile tuta jeupe. Akalikata kwa mkato mmoja, akalitia kwenye sufuria pamoja na kile kinundu kitamu, akafunika.